Nani Anabaki Birikani: Rekodi za Ioni, Garissa Mpaka Mandera

Maji safi kuliko yote yanayouzwa mjini Garissa si ya kunywa. Yamo kwenye maduka ya vipuri, ndani ya chupa za plastiki zilizopangwa kando ya oili na fyuzi, na wanunuzi wake ni madereva wa malori ya Wajir na Mandera, mafundi wa magari, na wenye nyumba waliofunga betri za sola. Ni maji ya betri. Thamani yake yote iko katika vile visivyomo. Chuma au kloridi ikiingia kwenye betri ya risasi, betri hupoteza chaji ikiwa imekaa tu, na sahani zake huoza kabla ya siku zake.

Kuyapata maji hayo kuna njia mbili. Ya kwanza ni ya zamani: chemsha, kusanya mvuke, upoze. Ya pili ni kuyapitisha kwenye mtungi uliojaa resini, yaani punje za plastiki ya kahawia, nyingi zikiwa na kipenyo cha kati ya milimita 0.3 na 1.2. Hazina undugu na ubani wala manemane ya porini Mandera, ingawa jina lao limetoka huko kwenye utomvu wa miti. Punje za aina moja hushika ioni za metali na kuachia haidrojeni. Za aina ya pili hushika kloridi na salfeti na kuachia haidroksidi. Haidrojeni na haidroksidi zikikutana huwa maji. Kwa hiyo uchafu unabaki kwenye mtungi, na kinachotoka badala yake ni maji juu ya maji.

Jinsi punje inavyochagua, mfugaji ataelewa haraka kuliko mwanafunzi wa kidato cha nne. Fikiria birika la kunyweshea mifugo lenye nafasi zilizohesabiwa. Mbuzi wamejaa. Anakuja ngamia, anasukuma, mbuzi wawili wanatoka. Kalisi na magnesi zina chaji mbili kila moja, sodiamu ina chaji moja, na kwa kawaida wenye mbili huwaondoa wenye moja. Lakini likija kundi la mbuzi mia kwa mkupuo, ngamia naye hutolewa. Ndiyo maana resini ya kulainisha maji ikichoka husafishwa kwa chumvi kali ya kawaida: sodiamu huja kwa wingi wa kutisha, na kalisi yote iliyonaswa huachia.

Kemia yenyewe imeisha hapo. Yaliyobaki ni mashindano ya nani amewahi kuitumia kwa ukubwa, kwa udogo, kwa werevu au kwa hasara kupita wengine. Baadhi ya mashindano hayo yamechezwa nyumbani.

KONGWE ZAIDI

Vitabu vya kemia hupenda kudai kwamba aliyetangulia ni Nabii Musa, kwa kisa cha maji machungu ya Mara katika kitabu cha Kutoka, ambapo mti uliotupwa majini uliyafanya matamu. Muujiza si jaribio la maabara, na sioni faida ya kuulazimisha uwe hivyo.

Rekodi inayoshikika ni ya shambani. Mnamo miaka ya 1840 mkulima wa Yorkshire, Uingereza, Harry Stephen Thompson, alisumbuliwa na hasara: mbolea ya samadi ilikuwa ikipoteza amonia, na alitaka kujua udongo unaizuia kiasi gani. Alijaza udongo kwenye bomba na kumimina juu yake salfeti ya amonia. Kilichotoka chini hakikuwa salfeti ya amonia. Kilikuwa salfeti ya kalisi, kitu ambacho watu wa El Wak, kule Mandera, wanakijua kama jasi. Udongo ulikuwa umeishika amonia na kuitoa kalisi mahali pake. John Thomas Way, mkemia wa Chama cha Kifalme cha Kilimo cha Uingereza, aliichukua kazi hiyo, akarudia majaribio kwa wingi, na mwaka 1850 wote wawili wakachapisha.

Jaribio hilohilo, kwa dawa hiyohiyo, ndilo linalotarajiwa kutoa utajiri mashariki mwa Uganda leo. Huko Makuutu, upande wa Busoga, kuna udongo wa mfinyanzi ambao kwa maelfu ya miaka umeshika juu ya punje zake ioni za madini adimu, yale yanayohitajika kwenye sumaku za magari ya umeme na mitambo ya upepo. Mgodi wa namna hiyo hauhitaji kuponda mwamba wala kuchoma chochote. Unamimina chumvi ya amonia, amonia inakaa, madini adimu yanatoka. Makuutu huhesabiwa miongoni mwa hazina kubwa za aina hiyo nje ya China. Bomba la Thompson limekuwa kilima.

KUBWA ZAIDI

Mtu akisema "kifaa kikubwa zaidi cha kubadilishana ioni Afrika Mashariki", mawazo yatakimbilia kwenye kiwanda. Afadhali yakimbilie kwenye udongo mweusi wa kingo za Tana.

Hesabu yenyewe ni fupi. Hekta moja ya udongo, kina cha sentimita 30, ina uzito wa takriban tani 4,000. Udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaopasuka kiangazi na kunasa magurudumu masika, unaweza kushika moli 0.4 za chaji kwa kila kilo. Zidisha, na hekta moja ina nafasi moli milioni 1.6. Lita moja ya resini nzuri ya kulainishia maji ina nafasi moli 2. Basi hekta moja ya udongo huo ni sawa na takriban lita 800,000 za resini, na hakuna aliyelipa hata senti. Mto Tana, mrefu kuliko yote Kenya kwa urefu wake wa kilomita zipatazo 1,000, hubeba udongo wa aina hii kwa wingi ukipita Garissa, na maji yake ya rangi ya matofali ni ushahidi tosha. Chini kule Kipini, punje hizo zikikutana na bahari, sodiamu ya bahari huwavamia ngamia wa kalisi kwa wingi wa kundi, na kalisi iliyoshikwa tangu nyanda za juu huachiwa kwenye chumvi.

Chini ya ardhi kuna mshindani wa pili. Hazina ya maji ya Merti huanzia upande wa Isiolo, ambako Ewaso Ng'iro hupotelea kwenye kinamasi cha Lorian, ikapita chini ya Habaswein, Dadaab na Liboi hadi kuvuka mpaka wa Somalia. Visima vyake hushuka zaidi ya mita 100, na sehemu kubwa ya maji hayo ni ya kale. Maji yakisafiri miaka mingi kati ya mchanga na mfinyanzi, kalisi hubaki kwenye udongo na sodiamu hutoka. Ndiyo maana sehemu tamu za Merti zina maji ambayo sabuni hutoa povu bila ugomvi. Ukitoka katikati kuelekea pembeni, chumvi huongezeka mpaka maji yawe ya ngamia tu, kisha yasiwe hata ya ngamia.

Maji hayo ya katikati ndiyo yaliyobeba rekodi ambayo hakuna aliyeitaka. Kambi za Dadaab zilianzishwa mwaka 1991 zikiwa zimekusudiwa watu 90,000. Mwaka 2011, baada ya ukame na njaa ya Somalia, zilikuwa na watu zaidi ya 450,000, na kwa miaka hiyo zilikuwa makazi makubwa zaidi ya wakimbizi duniani. Wote hao, pamoja na wenyeji na mifugo yao, walinywa kutoka visima vya Merti.

Wajir ni kinyume chake. Visima vyake ni vifupi, vimechimbwa kwenye mawe ya chokaa, na maji yake ni magumu kwelikweli: birika la chai hujenga ukoko mweupe, sabuni huisha kabla nguo hazijatakata. Kwenye mji huo huo wa mawe na ngamia maafisa wa kikoloni walianzisha Royal Wajir Yacht Club, klabu ya mashua mahali pasipo na bahari wala ziwa. Nadhani hiyo nayo ni rekodi ya aina yake.

HASARA KUBWA ZAIDI

Ng'ambo ya Tana, upande wa magharibi wa mto, kuna Bura ya umwagiliaji, ambayo haipaswi kuchanganywa na Bura ya Fafi iliyo upande wa Garissa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Serikali ya Kenya na Benki ya Dunia zilipanga kumwagilia hekta 6,700 za pamba. Zilizopata maji hazikufika nusu ya hizo, takriban 2,500, na gharama kwa kila familia iliyohamishiwa pale ikawa mfano unaotajwa popote wataalamu wanapozungumzia miradi iliyozidi bajeti.

Sababu zilikuwa nyingi: pampu, mafuta, malipo ya wakulima yaliyochelewa. Lakini moja ilikuwa ya ioni, na inastahili kuelezwa polepole kwa sababu inarudi kila kunapotajwa mradi mpya wa umwagiliaji kaskazini mashariki. Udongo wa chini wa Bura una chumvi na sodiamu nyingi. Sodiamu ikishika zaidi ya asilimia 15 ya nafasi za mfinyanzi, punje za udongo huachana, huvimba, hujaza vinyweleo vyake vyenyewe. Maji husimama juu siku nzima, na sentimita kumi chini pamekauka. Mkulima huona kama shamba limepakwa saruji. Kuongeza maji hakusaidii, na kuongeza mbolea ni kutupa pesa.

Dawa inajulikana tangu zamani: kalisi. Unamwaga jasi, maji yanaiyeyusha kidogo kidogo, kalisi inasukuma sodiamu nje ya udongo, na sodiamu inaoshwa na maji ya mfereji wa kutolea maji, ikiwa mfereji huo upo. Udongo hushikana tena na kupumua. Na jasi, kwa bahati ya jiografia, iko tele El Wak, Kaunti ya Mandera, ilikoandikwa na wanajiolojia tangu enzi za ukoloni. Kati ya ugonjwa na dawa kuna kilomita mia kadhaa za barabara mbaya, na barabara hiyo ndiyo iliyoamua zaidi kuliko kemia.

NGUMU ZAIDI

Kutenganisha shaba na chuma ni kazi ya shule. Kutenganisha madini adimu ni kazi ya uvumilivu, kwa sababu ndugu hao kumi na tano wana chaji ileile, tabia ileile, na wanatofautiana kwa unene mdogo tu wa ioni zao.

Kabla ya resini, njia ilikuwa kugandisha chumvi, kuyeyusha, kugandisha tena, na kila mara kupata tofauti ndogo. Bingwa wa mateso hayo ni Charles James wa chuo cha New Hampshire, Marekani, ambaye mwaka 1911 alipata thuli safi baada ya kugandisha mara 15,000. Sijui rekodi nyingine ya maabara inayonichosha kwa kuisoma tu.

Resini za plastiki zilifungua mlango. Mwaka 1935, kwenye maabara ya serikali huko Teddington, Basil Adams na Eric Holmes waligundua kwamba plastiki inaweza kutengenezwa kwa makusudi ishike ioni. Simulizi ya fani yenyewe husema waliona dalili ya kwanza kwenye santuri za gramafoni zilizosagwa. Miaka michache baadaye Gaetano D'Alelio wa Marekani alitumia polistireni, na punje alizobuni ndizo mama wa karibu kila mtungi wa kulainisha maji uliopo leo. Kisha Vita vya Pili vya Dunia vikaleta haraka. Tanuri za nyuklia zilitoa mchanganyiko wa madini adimu yenye mionzi, na mtu agandishe mara 15,000 wakati gani?

Mbinu waliyoipata ni hii. Weka mchanganyiko juu ya bomba refu la resini, kisha upitishe taratibu kimiminika chenye asidi dhaifu inayopenda metali. Kila ioni inavutwa pande mbili: resini inasema kaa, asidi inasema twende. Anayependwa zaidi na asidi anatangulia, na kwa sababu mvutano huo hurudiwa mara maelfu ndani ya bomba moja, tofauti ndogo isiyoonekana huwa umbali unaoonekana. Frank Spedding na wenzake huko Ames, Iowa, walifikia kutenganisha madini hayo kwa kilo. Mwaka 1945, kwenye maabara za Oak Ridge, Jacob Marinsky, Lawrence Glendenin na Charles Coryell walitumia bomba hilo kutambua elementi ya 61, prometi, pengo la mwisho katika safu ya madini adimu. Sehemu kubwa ya urani ya mradi wa siri wa bomu la atomiki, ambao maabara hizo zilikuwa sehemu yake, ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, kwenye mawe ambayo baadhi yake yalikuwa na oksidi ya urani asilimia 65, kiwango ambacho wachimbaji wa leo hawakioti hata ndotoni. Wakongo waliopakia magunia hayo hawakuambiwa yanakwenda kufanya nini.

Kwa viwanda vikubwa, njia ya vimiminika viwili visivyochanganyika imechukua nafasi ya resini tangu kizazi kilichofuata, kwa sababu ni ya haraka na haisimami. Resini imebaki na wateja wa usafi wa juu kabisa.

CHACHE ZAIDI

Hapa hakuna ubishi. Mwaka 1955, huko Berkeley, California, Albert Ghiorso, Bernard Harvey, Gregory Choppin, Stanley Thompson na Glenn Seaborg walitaka kutengeneza elementi ya 101. Malighafi yao ilikuwa atomu kama bilioni moja za einsteini, kiasi kisichoonekana kwa jicho wala kupimika kwenye mizani yoyote. Waliipiga kwa chembe za heli kwenye mashine ya kuharakisha chembe, wakanasa kilichorushwa nje kwenye karatasi nyembamba ya dhahabu, kisha ikaanza mbio: Ghiorso akiendesha gari lake kupanda mlima hadi maabara, kwa sababu walichokitengeneza kilikuwa kikioza na nusu yake ingekwisha kwa takriban saa moja na robo.

Dhahabu iliyeyushwa, ikaondolewa, na kilichobaki kikamiminwa kwenye bomba jembamba la resini. Choppin alikuwa amependekeza asidi mpya ya kusukumia, na ilifanya kazi. Elementi ya 101 ilitarajiwa kutoka kabla ya ya 100, na ilitoka pale ilipopaswa, tone kwa tone. Kwa kila jaribio walipata takriban atomu moja. Waliunganisha mashine ya kuhesabia na kengele ya moto ya jengo, ikawa kila atomu ikivunjika kengele inalia, mpaka watu wa zimamoto walipokuja kuiondoa. Baada ya majaribio yote walikuwa na atomu 17. Waliiita mendelevi.

Atomu kumi na saba, na ulimwengu wa sayansi ukakubali, kwa sababu mahali ambapo kila moja ilitoka kwenye bomba palikuwa ushahidi tosha wa jina lake. Sijui kipimo kingine cha kemia chenye heshima kama hiyo. Ndiyo rekodi ninayoiweka juu ya zote, na ndiyo inayoonyesha resini iko hodari kwa lipi: kumtoa mmoja katikati ya wengi, si kuwaondoa wote.

GHALI ZAIDI KWA MKUPUO MMOJA

Tofauti hiyo ya kumtoa mmoja na kuwaondoa wote isipoeleweka, watu huumia mfukoni. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, marubani wa nchi za Magharibi walioangukia baharini walikuwa na kisanduku cha dharura chenye vipande vya madini ya fedha. Ukitia kipande kwenye maji ya bahari, fedha inatoka na kushikana na kloridi kuwa mashapo, sodiamu inachukua nafasi ya fedha, na unachuja maji ya kunywa. Kwa mtu anayekufa kiu katikati ya bahari, bei si hoja. Kwa mji, ni wazimu.

Fanya hesabu ya kisima chenye chumvi gramu 3 kwa lita, kama vilivyo vingi pembezoni mwa Merti. Lita moja ya resini ya metali, yenye nafasi moli 2, huchoka baada ya takriban lita 40. Hayo ni majerikani mawili. Ngamia mwenye kiu hunywa zaidi ya lita 100 kwa mara moja, kwa hiyo angemaliza lita mbili na nusu za resini kabla hajainua shingo, na bado hatujahesabu resini ya pili ya kuondoa kloridi, wala asidi na magadi makali ya kuzifufua zote mbili. Maji magumu lakini yasiyo na chumvi ni habari nyingine: kwa ugumu wa miligramu 300 kwa lita, resini ileile husafisha lita mia tatu hivi kwenye karatasi, na huhuishwa kwa chumvi ya dukani.

Kwa hiyo mtu mwenye kisima Wajir akiuziwa mtungi wa kulainisha maji, na aulize kwanza karatasi ya maabara inasema nini. Ikiwa tatizo ni ukoko na sabuni, mtungi utamfaa. Ikiwa tatizo ni chumvi, mtungi utamtolea kalisi na kumrudishia sodiamu, na maji yatabaki na chumvi ileile kwa gharama mpya. Maji ya chumvi hutakiwa kusukumwa kwa nguvu kwenye utando mwembamba, kama ilivyofanywa Kiunga, kule Lamu karibu na mpaka wa Somalia, ambako shirika la GivePower lilijenga mwaka 2018 mtambo wa sola wa kusafisha hadi takriban lita 75,000 kwa siku.

Na anayedhani chumvi ni jambo dogo akumbuke Lotikipi. Septemba 2013 ilitangazwa kwamba huko Turkana kuna hazina ya takriban mita za ujazo bilioni 200, kubwa kuliko yoyote iliyowahi kujulikana nchini. Walipochimba na kupima, maji yalikuwa na chumvi kupita kiasi cha kunywa. Rekodi ya ukubwa ilisimama. Kikombe ndicho kilichokosa.

HARAKA HARAKA

Ya kwanza kwa urani: mwaka 1952 mgodi wa dhahabu wa West Rand Consolidated, karibu na Krugersdorp, Afrika Kusini, ulifungua mtambo mkubwa wa kwanza wa kunasa urani kwa resini, kutoka kwenye masalia ya dhahabu. Cha ajabu ni kwamba metali hiyo hunaswa na resini ya upande wa pili, ile ya kloridi, kwa sababu ndani ya asidi ya salfa urani hujifunika salfeti na kugeuka chaji hasi.

Chafu zaidi: Fukushima, 2011. Maji yaliyopozea tanuri zilizoyeyuka yalipitishwa kwenye madini ya zeolaiti yanayopenda sizi, metali iliyokuwa na mionzi. Sizi ilikamatwa, na mitungi yake sasa ni mizigo ya kulindwa kwa vizazi.

Jua zaidi: mtambo wa sola wa Garissa, megawati 50 na ushei, ulipofunguliwa Desemba 2019 ulikuwa mkubwa kuliko wote uliounganishwa na gridi Afrika Mashariki na Kati. Hauna resini. Lakini anayeosha kioo kwa maji magumu ya kisima, na jua la Garissa likayakausha hapo hapo, atajua ioni za kalisi zimeacha nini juu yake.

ISIYOSAMEHE

Mtu mzima hunywa lita mbili hivi kwa siku, na utumbo wake huchagua cha kupitisha. Mgonjwa wa figo akiwekwa kwenye mashine ya kusafisha damu, kila kipindi cha saa nne huweka damu yake ng'ambo ya utando mwembamba kutoka kwa takriban lita 120 za maji, mara mbili au tatu kwa wiki, bila utumbo wa kumlinda. Hakuna mtu anayekutana na maji mengi kiasi hicho kwa ukaribu kiasi hicho.

Mwaka 1967 madaktari wa Marekani walieleza ugonjwa wa maji magumu: kalisi na magnesi ziliingia kwenye damu kupitia mashine, na wagonjwa wakapata kichefuchefu, kutapika, udhaifu na shinikizo la damu kupanda. Miaka ya 1970 ikaonekana aluminiamu ikiingia kwa njia hiyohiyo na kuharibu ubongo. Viwango vinavyofuatwa sasa ni vikali: kalisi isizidi miligramu 2 kwa lita, aluminiamu isizidi 0.01. Maji ya kisima kigumu yanaweza kuwa na kalisi mara hamsini ya kiwango hicho na yakafaa kabisa kwa chai.

Hapo ndipo resini inapokaa, nyuma ya ukuta, kwenye chumba ambacho mgonjwa hakioni. Mpango wa kukodisha vifaa vya hospitali uliozinduliwa Kenya mwaka 2015 ulisambaza mashine za kusafisha damu kwenye hospitali za kaunti, na kila mashine hutaka maji yake yatayarishwe: resini ya kutoa kalisi na magnesi, mkaa wa kutoa klorini, kisha utando. Resini iko mbele kwa sababu bila hiyo utando ungejaa ukoko. Fundi hupima ugumu baada ya mtungi kila siku. Tone la rangi likigeuka la buluu, kazi inaendelea, likibaki jekundu, inasimama. Kwa joto la kaskazini mashariki kuna sharti moja zaidi: resini haitakiwi kukauka, kwa sababu punje iliyokauka ikirowekwa ghafla hupasuka. Na kitu cha kukiangalia kuliko vyote ni gunia la chumvi. Likiisha, birika halina wa kuwatoa ngamia, na kalisi inapita moja kwa moja kwenda kwa mgonjwa.

INAYOMEZWA

Resini ya aina ileile ya mtungi, polistireni yenye salfa, iliidhinishwa Marekani kama dawa mwaka 1958. Mgonjwa wa figo ambaye potasiamu imempanda humeza unga wake. Sodiamu inaachiwa tumboni, potasiamu inashikwa na kutoka chooni. Ni plastiki ya kulainishia maji, kwenye kijiko.

Lakini rekodi ya walaji ni ya kitu kingine, na kinatoka porini Garissa, Wajir na Mandera. Gundi ya mgunga inayotoka kwenye gamba la Acacia senegal ni asidi ndefu ya sukari iliyoshika kalisi, magnesi na potasiamu. Ni kibadilishaji ioni cha asili: ipitishe kwenye resini yenye haidrojeni, metali zinabaki na inatoka asidi tupu. Dunia huinywa kwenye soda na kuitafuna kwenye peremende kwa jina la E414, na Sudan ndiyo inayoongoza kwa kuizalisha. Ya kaskazini mashariki huchumwa na wafugaji wakati wa kiangazi, hupangwa kwa rangi na ukubwa, na nyingi huondoka ikiwa ghafi.